Kibuyu Kinachovuma

Chupa za shampeni za Bwana Mkubwa zilipasuka kwa jua njiani kutoka Tanga, ndipo askari Mikidadi akatumwa kwa Nasieku, mpika pombe ya asali, akachukue kibuyu kizuri cha sherehe ya boma la serikali.

Nasieku alitega sikio kwenye shingo za vibuyu vyake viwili. Kimoja kilivuma kama mzinga wa nyuki, pombe yake ingali hai na tamu. Cha pili kilikuwa kimya, pombe yake imeshageuka siki.

Mikidadi akanyoosha mkono kwenye kile kinachovuma.

"Thubutu! Hicho ni cha baba mkwe wangu. Alivunjika mgongo akibeba mawe ya boma lenu."

"Sasa mama, Bwana Mkubwa nikamwambie nini?"

Nasieku akamtwika kile cha pili. "Mwambie pombe nzuri anainywa aliyeyabeba mawe. Yeye anayeyakalia na anywe hii!"