Fulana ya Mazoezi ya Clevon

Clevon Guidry, mume wangu, ni mpanga barua wa posta zamu ya usiku, ana miaka thelathini na saba, na mpira wa kikapu haujui. Nasema mchana kweupe. Hata kudunda kwa mkono wa kushoto nilimfundisha mimi, enzi za uchumba, kwenye uwanja wa shule pale mtaani kwetu Third Ward. Sasa niambieni, kwa nini yeye ndiye acheze kila asubuhi na timu bora ya wanawake duniani, mimi nibaki jikoni namenya kamba wa mchuzi wa gumbo?

Timu yetu ya Houston ilikuwa imebeba ubingwa mara mbili mfululizo, na kiangazi kile cha 1999 iliutaka wa tatu. Timu ya namna ile hutafuta wanaume wa mtaani, warefu, wenye pumzi, waje kujitolea kuwa wapinzani mazoezini. Clevon ana urefu, basi. Akachukuliwa. Mimi nilimaliza chuo mwaka 1985 nikiwa mfungaji bora wa timu yao ya wanawake, na ligi ya wanawake ya kwenda kuchezea haikuwepo. Ilipokuja, nilikuwa na miaka thelathini na minne na magoti mabovu.

"Lurline, leo nimekomeshwa!" Kila siku huingia na hadithi, anacheka meno yote nje. "Nahodha kanipita nimeduwaa tu. Halafu kanigonga bega, kaniambia, pole kaka."

"Sitaki kusikia, Clevon."

"Eti pole kaka!"

"Nimesema sitaki! Na hiyo fulana yako ya jasho, ufue mwenyewe."

Nilimwonea wivu mume wangu, wivu wa kunikosesha hamu ya kula, wala sioni haya kusema. Nilitaka kitu kimoja tu: nikanyage uwanja ule nikiwa mchezaji, hata mara moja.

Jumanne moja gari lake likagoma, nikampeleka mimi. Tukakuta mmoja wa wale wanaume wa kujitolea hajafika. Nikavua viatu vya kanisani, nikachomoa raba kwenye mkoba. Ndiyo, nilikuwa nimezibeba.

"Nitaingia mimi," nikamwambia kocha msaidizi, mama mmoja mwenye filimbi.

"Samahani dada, hapa tunachukua wanaume tu. Tunataka nguvu na kasi."

"Yaani ligi ya wanawake, na nafasi iliyobaki ni ya mwanamume?"

Clevon akavua fulana yake ya mazoezi, akanirushia. "Mchukueni huyu badala yangu. Mimi huyu ndiye aliyenifundisha."

Nikacheza dakika kumi na mbili. Nilipitwa, nikasukumwa, nikaanguka. Lakini mara moja nilimdanganya nahodha kwa bega, nikaenda kushoto, nikatupia mpira. Ukaingia! Clevon akapiga kelele kule pembeni kama mwehu.

Nahodha akaniletea viatu vyangu. "Mama, ulichezea timu gani?"

"Chuo tu."

"Halafu?"

"Halafu hakukuwa na pa kwenda, mwanangu."

Wiki nzima sikukanyaga chini kwa furaha. Clevon naye hakwenda tena mazoezini, akiniachia nafasi yake, akamsimulia kila jirani, hadi wakamchoka. Nilikuwa na hakika wataniita tena.

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa yule mama wa filimbi.

"Bibi Guidry, ulituchezea vizuri sana, wasichana bado wanakusifu."

"Ahsante. Nije lini?"

"Aa, nilikuwa namtafuta Clevon. Kesho saa tatu asubuhi asikose. Asipokuja tutachukua mwingine, wanaosubiri ni wengi."

"Nitamwambia," nikasema.

Clevon akatoka bafuni, taulo shingoni, macho yanamng'aa. "Nani huyo? Ni wao? Wanakuita?"

"Wamekosea namba," nikamwambia, nikarudi kwenye kamba wangu.