Nilimuuliza Likizo Anapenda Kwenda Wapi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo ili mtu asihangaike kunitafutia mjinga mwingine kwenye maoni.

Na ujinga wenyewe niliufanya huku nikitabasamu. Wiki tatu baadaye nikaukuta umesimama mlangoni kwenye msiba, unanipokea.

Naitwa Merritt. Nilikuwa mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja cha Mississippi, nikikaa nyumba ya udada. Kwa wasioijua, ni chama cha wasichana wa chuo. Mnakaa nyumba moja, mnavaa beji moja, mnaitana dada mpaka kufa.

Hiyo "mpaka kufa" ishikeni. Tutarudi hapo.

Kila Agosti wasichana wapya wanapita nyumba hadi nyumba. Tunaongea nao dakika ishirini na tano, wakitoka tunawapigia alama, moja hadi tano. Wenye alama za juu tunawaita tena; asiyeitwa, ndiyo basi.

Mwalimu wa maongezi nilikuwa mimi. Mdomo huu, jamani! Ningeuchekesha hata mlingoti wa bendera.

Sheria yetu ilikataza mambo matano: wanaume, pombe, siasa, dini na pesa. La sita nililiongeza mwenyewe.

Huzuni.

"Mgeni akianza kukuletea majonzi," niliwafundisha wenzangu, "mhamishe fasta. Muulize likizo anapenda kwenda wapi. Hakuna aliyewahi kulia akisimulia ufukwe."

Wakacheka. Wengine wakaandika kabisa.

Ukizidiwa, mwenzako anakuja kwa nyuma, anakugusa bega, anampokea mgeni. Wewe unateleza zako.

Siku ya tatu, joto la kuyeyusha wanja, nikakabidhiwa msichana mmoja mwembamba. Wren Haskew.

"Karibu mrembo! Viatu hivyo umevitoa wapi? Usipoangalia navivua sasa hivi!"

"Vya mama," akasema. "Vimenizidi. Nimejaza pamba mbele."

"Mama ana jicho huyo! Kakuleta mwenyewe?"

"Hapana. Amelazwa kule wanakolazwa wasiotibika tena. Daktari amesema wiki, labda mbili. Anasubiri niitwe hapa. Nyumba hii hii. Nikimpigia simu hazungumzii dawa, anauliza tu, wamekuita tena?"

Nikamwonyesha meno yote thelathini na mawili.

"Waoo! Na likizo unapenda kwenda wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Ufukweni," akasema. "Na mama."

Mdomo ukaanza kumtetemeka.

Bahati yangu, nikahisi mkono begani. Tinsley, rafiki yangu wa chumba kimoja. Nikateleza hadi kwenye jagi la chai baridi.

Nilipogeuka, Tinsley alikuwa hasemi kitu. Kamshika yule msichana mkono, basi. Dakika kumi, kimya! Nikaona aibu kwa niaba yake.

Jioni, kwenye alama, Tinsley akasema, "Wren Haskew, tano."

"Tano za nini?" nikadakia. "Mlikaa kama watu wanaosubiri basi!"

"Merritt, mama yake anakufa."

"Ndiyo maana! Shoga, tunatafuta dada wa kucheka naye miaka minne. Hatuandai matanga hapa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kile kicheko ndicho kilichokuwa kura.

"Anaomba aitwe tena tu," Tinsley akasema. "Mama yake anasubiri."

"Nyumba ziko kumi na mbili, mwaya. Aende nyingine."

"Anasubiri hii."

"Basi asubiri."

Ndiyo, niliyasema hayo. Kwa mdomo huu huu. Nikampa moja, wengi wakanifuata, na asubuhi jina lake halikuwemo.

Wiki tatu zikapita. Ikaja barua kutoka makao makuu. Dada yetu amefariki, mji wa jirani. Lorna Pettibone, aliishi nyumba yetu miaka ishirini na sita iliyopita. Aliomba aagwe kidada.

Kwetu dada akifa, wa nyumba iliyo karibu huvaa nguo nyeupe, huweka ua juu ya jeneza na kumsomea maneno ya kumuaga. Msomaji akatafutwa.

Mnadhani nani alinyoosha mkono?

Tulikwenda sita. Mlangoni palikuwa na picha kubwa ya marehemu akiwa msichana, anacheka kwenye ngazi. Ngazi zetu. Pale pale ninapowafundishia watu kutabasamu.

Kando ya picha alisimama binti mwenye nguo nyeusi, anapokea watu.

Nikatazama chini kwanza. Viatu nilivijua.

Pettibone lilikuwa jina la usichana la mama yake Wren. Haskew la mume.

"Alinikataza kuandika kwenye fomu ya kujiunga kwamba naye ni dada yenu," Wren alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Alisema, dada za nyumba ile hawaombi vyeti. We ongea nao tu, watakupenda."

Akainyoosha kidogo picha ya mama yake.

"Siku mliyonikata, nilimwambia mmenichukua. Akafurahi sana. Ndiyo maana alitaka mje."

Tinsley akamkumbatia. Kimya, kama siku ile.

Nilisoma yale maneno ya kuaga huku beji ya marehemu ikinimulika usoni kutoka kwenye kifua chake, ndani ya jeneza lililo wazi. "Dada hamwachi dada mlangoni." Yameandikwa hivyo. Nilikuwa nayajua kwa kichwa tangu mwaka wa kwanza.

Najua mnapenda funzo mwishoni. Mimi sina la kwangu. Nina nililopewa.

Watu walipoanza kutoka nilimfuata Wren. Ningeomba radhi nikaondoka, lakini mdomo uliozoea kushinda haujui kuomba. Nikaanza kujitetea.

"Naapa sikujua. Tungejua, tungekuita siku hiyo hiyo! Na wewe ulinyamaza mno, Wren. Nitajuaje?"

Nikasubiri mtu aniguse bega. Hakuna aliyekuja.

"Ungeniambia tu kwamba ni dada yetu!"

Akaniangalia, macho makavu.

"Nilikuambia ni mama yangu."