Bua Kavu Lililotoa Mto

Leo nimeponea mdomoni mwa ng'ombe!

Ng'ombe wa maziwa wa Bwana Shauri, yule Mdachi wetu wa boma, tangu juzi amegoma kucheua.

Mimi ndiye mchungaji wake. Akifa, hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, zinashuka kwenye makalio haya ya uzee.

"Nimempa nafaka tupu, chakula cha wafalme!" Bwana Shauri akabwata. "Wewe mzee umemroga!"

Nikamwambia, "Bwana, tia mkono mdomoni mwake."

Akatia. Mdomo mkavu kama korongo la kiangazi.

Ng'ombe wetu hula makavu na hucheua kutwa, basi nikaenda kung'oa mabua makavu ya uwele kwenye uzio wa nyumba yangu. (Mke wangu mpaka sasa ananitukana.)

Askari wa boma wakacheka. "Babu, hayo ni ya kuwashia moto!"

Ng'ombe akatafuna bua moja, kisha la pili. Tukangoja hadi jua likapinduka.

Halafu akacheua.

Jamani! Mate yakaanza kuchuruzika, kwanza uzi mwembamba, kisha mafuriko, yakazilowesha buti za Bwana Shauri. Wala hakuzisogeza. Alikuwa ameduwaa, na mimi pia.

Nchi hii tunachimba visima mpaka viganja vinachubuka. Bua lenyewe halina hata tone!

"Mzee," akaniuliza kwa adabu, mara ya kwanza tangu aje, "maji haya yametoka wapi?"

Nikajikohoza. "Ni siri yetu Wagogo, Bwana. Nitakueleza kesho."

Ndugu zangu wa Kongwa na Buigiri, siri yenyewe siijui. Anayeijua aniambie kabla hakujakucha!