Mkono Alioushika Baba

Nikahi yangu ilifungwa msikitini Malindi, miaka ya themanini. Baba alishikana mkono na bwana harusi, kama ilivyo ada, akatamka kuniozesha. Mimi nilikuwa nyumbani na wanawake, mkono ule sikuuona.

Niliuona baadaye, mume wangu, kijana mbichi, aliposhindwa kufungua chupa ya chai. Nyama ilikuwa imekwisha kando ya kidole gumba, na misuli ikimchezacheza chini ya ngozi. Mamake akasema ni uchovu wa kazi. Uchovu gani unaomla mtu nyama?

Nikampeleka hospitali. Daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, akamwambia atoe ulimi. Nao ulitetemeka.

“Ni ile mishipa inayoendesha misuli, inakufa,” akasema. “Si nilikueleza mwaka jana?”

Mwaka jana mimi nilikuwa bado mwari kwetu. Mume wangu akainamisha kichwa.

Nilirudi kwa baba, mtaani Shella, nikitaka anitetee.

“Baba, wewe ulimshika mkono. Hukuhisi kitu?”

“Nilihisi, mwanangu. Ulikuwa mlegevu kama wa mtoto aliyelala. Lakini watu walishakaa, na pilau ilishapakuliwa.”