Mwenyekiti na Kifungu cha Saba

Damas Ishengoma alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Watanzania wa Minneapolis na Saint Paul, Marekani, kwa miaka minane, na hakuna aliyewahi kugombea naye. Cheo hakikuwa na mshahara. Kilikuwa na simu. Mwanafunzi akishuka uwanja wa ndege Januari na shati la mikono mifupi, simu ililia kwa Damas, naye akapeleka koti. Mtu akifariki, Damas ndiye aliyetafuta jeneza, ndege, na maneno ya kuwaambia wazazi. Mchana alipima maji ya bomba kwenye maabara.

Katiba ya Umoja aliiandika mwenyewe mwaka 1989, damu ikimchemka. Kifungu cha saba kilisema mwenyekiti awe raia wa Tanzania, tena asiwe raia wa nchi nyingine yoyote. Kila mtu alijua kinamlenga Zadock, mhasibu wa Lakeville, aliyekuwa ametoka kuapa uraia wa Marekani na kuonyesha watu pasi yake mpya hata msibani.

Halafu mama yake Damas, Bi Margaret, akabaki peke yake Bukoba, macho yakififia. Kwa sheria ya Marekani, mkazi wa kawaida hakuruhusiwa kumleta mzazi, raia aliruhusiwa. Machi 1996 Damas alinyoosha mkono mbele ya jaji, akaapa, na kwa sheria ya nyumbani Utanzania wake ukaishia hapo. Nchi ilimfuta bila kumwandikia hata barua. Naye hakumwambia mtu.

Mama alifika Oktoba 1997. Desemba ukawa mkutano mkuu, katika ukumbi wa kanisa mtaa wa Frogtown. Jikoni, akina mama wakipakua pilau, mmoja alimuuliza bibi amepataje viza upesi hivyo.

"Mwanangu aliapa," alisema Bi Margaret kwa fahari. "Sasa ni Mmarekani. Jaji mwenyewe alimpa mkono."

Soda hazijafunguliwa, habari ilikwishamfikia Isack, mwanafunzi wa sheria. Akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, utaratibu. Wewe ni raia wa wapi?"

"Swali hilo halimo kwenye ajenda."

"Limo kwenye katiba, kaka. Uliliandika wewe."

"Tena kwa taipureta!" alidakia mtu wa nyuma. Watu wakacheka.

Ikupa, katibu, akamwinamia Damas. "Kaka, sema bibi amechanganya mambo. Mtu mzima, kafika juzi, nani atamlaumu?"

Ushauri ulikuwa mzuri na ungefaulu. Ulimtaka tu awatangazie watu sitini kwamba mama yake hana akili timamu. Damas akatazama mlango wa jikoni. Bi Margaret alikuwa amesimama hapo na mwiko, akisikiliza.

"Mama yangu hachanganyi kitu," alisema Damas. "Mimi ni raia wa Marekani, karibu miaka miwili sasa. Kifungu cha saba kinaeleweka. Anayekubali kwamba sistahili kiti hiki anyooshe mkono."

Mikono ilipanda polepole, kwa aibu, mingi ikiwa ya watu aliowavisha makoti. Zadock hakunyoosha wake.

"Kifungu hicho mimi sikitumii," alisema, akaomba asogezewe sambusa.

Hata hivyo mikono ilitosha. Isack alichaguliwa bila mpinzani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka simu. Damas akamkabidhi mhuri na karatasi yenye namba za vyumba vya maiti vya miji yote miwili. Isack aliisoma mpaka chini, na hakuuliza swali lingine siku hiyo.

Damas alichukua sahani akaenda kukaa jikoni, kando ya mama yake.

"Wamekutoa kwa sababu yangu?"

"Hapana, mama. Ni sheria niliyoandika mwenyewe."

Bi Margaret alimwongezea nyama.

"Basi uliiandika vizuri," alisema.