Nilimwambia Kaka Imeingia kwenye Mishipa

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Ilikuwa hospitali moja ya Iringa, asubuhi ya baridi. Mkuu wa Maabara, mzee wa Kihehe aliyevaa tai hata Jumamosi, alinikabidhi ndoo ya plastiki akaniambia niifungue. Ndani mlikuwa na nusu ya mfuko wa chakula wa mtu, ikielea kwenye fomalini, dawa kali inayozuia nyama isioze. Nilikimbilia sinki. Niliporudi alikuwa bado amesimama palepale.

"Umemaliza? Haya, soma lebo. Kwa sauti."

Nilisoma jina na namba. Akanirudisha niisome tena mara tatu.

"Binti, hapa hatupimi watu, tunapima vipande vyao. Ukichanganya lebo, mzima atakatwa tumbo na mgonjwa ataambiwa aende nyumbani akapumzike."

Tangu siku hiyo niliogopa lebo kuliko fomalini, na nadhani ndivyo alivyotaka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono na subira. Kipande cha nyama kinakaushwa maji kwa spiriti, kinazamishwa kwenye nta ya moto, nta ikiganda unaifunga kwenye mikrotomu, mashine yenye kisu kinachokata utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Utando unaelea kwenye maji ya uvuguvugu, unaunasa kwa kipande cha kioo, unautia rangi ya zambarau na ya waridi. Ukipiga chafya, umeharibu kazi ya siku mbili.

Mkuu ndiye aliyenifundisha kuogopa mishipa. Siku moja aliniita kwenye darubini.

"Unaona nini?"

"Saratani, mkuu."

"Hiyo hata mlinzi wa geti angeiona. Angalia pembeni."

Pembeni palikuwa na kiduara chenye ukuta mwembamba, na ndani yake kifungu cha seli nyeusinyeusi zimebanana. "Huo ni mshipa," alisema. "Na hao waliomo hawakukaribishwa."

Saratani ya mfuko wa chakula huanzia kwenye ngozi ya ndani kabisa. Ikiwa ingali huko, daktari wa upasuaji anaweza kuikata yote. Ikichimba kwenda chini inakuta mishipa ya aina mbili. Ya limfu, yale majimaji yanayopita mwilini kuchukua uchafu, huipeleka kwenye tezi. Ya damu huipeleka moja kwa moja kwenye ini, kwa sababu damu inayotoka tumboni hupita kwanza huko kabla ya kufika moyoni. Niliposikia hayo mara ya kwanza nilijishika tumbo kama mjinga.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, chini ya Daktari Bingwa wa Patholojia, mama mpole wa sauti na mgumu wa kanuni. "Ukivua koti, yaliyo kwenye kioo yaache humuhumu," alinionya. "Sisi tunaandika. Anayesema ni daktari wa mgonjwa." Niliitii kanuni hiyo miaka yote. Nilikuwa nachagua nyanya sokoni Mwanjelwa, mtu ananisalimia kwa furaha, anataja jina lake, nami nakumbuka lebo. Namjibu salama, narudi kwenye nyanya zangu.

Halafu, mwaka wangu wa mwisho kazini, ikaja ndoo yenye jina la kaka yangu.

Kaka Ambakisye ni mkubwa wangu, mkulima wa vitunguu Ruaha Mbuyuni. Alimeza vidonge vya tumbo kwa muda mrefu akisingizia pilipili, mpaka alipoanza kutapika damu, akaletwa Mbeya akapasuliwa. Ile lebo niliisoma mara nyingi kuliko alivyonifundisha Mkuu, nikiomba niwe nimekosea. Ningempa mwenzangu kazi ile, lakini niliona hakuna atakayeikata vizuri kama mimi. Nilipoweka kioo kwenye darubini, walikuwamo, wale wasiokaribishwa. Mshipa baada ya mshipa.

Bingwa aliangalia muda mrefu. "Pole, Atupele. Tezi za karibu pia zimeguswa. Ila ini kwenye picha ni safi. Akianza dawa za dripu mapema, ana nafasi. Akichelewa, sijui."

Siku ya kliniki nilimsindikiza. Tukiwa kwenye benchi akanigeukia. "Mdogo wangu, wewe ndiye mwenye darubini. Niambie kabla hajaniambia huyu daktari kijana."

Nikavunja kanuni. "Kaka, imeingia kwenye mishipa."

Uso wake ukafunguka. "Mshipa? Ndaga fijo, asante sana! Mshipa si hata baba alikuwa nao? Na amelima nao mpaka uzeeni!"

Kwetu ukisema mtu ana mshipa, watu wanaelewa ngiri au busha, jambo la aibu kidogo lakini la kuishi nalo. Aliingia kwa daktari anacheka. Daktari kijana akaeleza kila kitu sawasawa, naye akatumia neno lilelile.

"Umeelewa, mzee?"

"Nimeelewa vizuri sana, daktari."

Barua ya kwenda kuanza dripu akaikunja akaitia mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue. Nilijiambia nitamweleza kesho, nyumbani kwangu Ilomba. Kesho yake alikuwa ameshapanda basi, vitunguu vinamngoja.

Nikipiga simu ananijibu, "Barua nitaishughulikia tukishang'oa." Wiki zikapita. Kila nta niliyokata niliona mishipa yake. Mwishowe nilimweleza Bingwa, akavua miwani. "Kosa la kwanza ulisema. La pili umenyamaza, na hilo ndilo kubwa. Nenda kesho."

Nilimkuta shambani, amekonda, anaelekeza vibarua. Nilimkumbatia, vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye kishimo kilicho juu ya mtulinga wa kushoto, chini ya shingo. Kuna tezi pale. Ugonjwa ukipanda na limfu kutoka tumboni, tezi hiyo huvimba.

"Unanikaba?" alinitania.

Hapakuwa na uvimbe. Nikalia.

Nilimwonyesha mfereji uliokuwa ukipita miguuni petu. "Kaka, mbegu za magugu zikiingia humu, hata uling'oe jaruba hili lote, yataota wapi?"

"Kila yanakofika maji."

"Basi mishipa niliyosema ni hii. Si ya baba."

Alikaa chini kwenye tuta.

"Siku ile nacheka, ulijua sijaelewa?"

"Nilijua."

"Wiki ngapi?"

"Tano."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichukua jembe, akaziba mfereji kwa udongo, akaenda ndani kuchukua begi.

Dripu alizimaliza, zikamtesa sana, nami nikastaafu mwaka huohuo. Mnaoshika vioo na kalamu leo mna mashine ambazo sikuziota. Lakini mkishamweleza mgonjwa, msimuulize kama ameelewa. Mwambieni awasimulie, kwa maneno yake, alichosikia. Mimi niliogopa kusikia.

Vipimo vyake mpaka sasa ni safi, na bado naogopa. Kama zile wiki tano zilitosha kwa mbegu moja kupita, hakuna wa kuniambia. Hajawahi kusema amenisamehe, nami sijathubutu kumuuliza. Ila kila akija Ilomba, kabla hata hatujasalimiana, anasimama mlangoni, anafungua kifungo cha juu cha shati na kugeuza uso kulia. Naweka vidole. Wote wawili tunaacha kupumua mpaka niutoe mkono.