Pima ya Wenceslaus

Recheli na mumewe Wenceslaus waliandika programu za kompyuta, na ofisi yao ilikuwa sebule ya nyumba yao ya Mtendeni. Wafugaji wa nyuki wa Isikizya waliwaomba kifaa cha kupima unyevu wa asali. Wenceslaus akaandika upande wa kuzungumza na kifaa, kwa lugha ya C. Recheli akaandika hesabu kwa lugha ya Rust. Walibishana kutwa na kucheka kutwa.

Kazi ikiwa karibu kwisha, Wenceslaus alianguka na pikipiki akitoka Bukene kumjulia hali mama yake. Mwili ulipona, kumbukumbu haikurudi. Akawa anamwita mkewe "dada", kwa adabu, na kumshukuru kwa kila sahani ya ugali.

Wafugaji walikuwa bado wanangoja, Recheli akaishika kazi peke yake. Aliunganisha pande mbili za programu ziwe kitu kimoja, na kompyuta haikulalamika. Lakini asali yoyote aliyoijaribu, nzito au nyepesi, jibu lilikuwa sifuri. Akapitia hesabu zake mstari kwa mstari. Hazikuwa na kosa.

Akaibeba kompyuta hadi barazani, alikoketi mumewe.

"Baba Pelagia, hebu niangalizie hapa. Kila nikipima napata sifuri."

Wenceslaus aliitazama, akaitazama. "Kaandika nani hii, dada?"

"Wewe."

Akacheka kidogo, kama anayetaniwa na mgeni. "Aliyeandika ni fundi. Mimi haya siyajui."

Recheli aliingia jikoni akalia, kitambaa mdomoni asisikike. Kisha akanawa uso, akarudi kuketi. Aliiagiza kompyuta imwonyeshe majina yote ya amri zilizomo katika pande zile mbili, na hapo akaliona: *pima*, na tena *pima*. Pima ya Wenceslaus iliamsha kifaa, na kikiamka salama ilijibu sifuri. Pima yake yeye ndiyo iliyotoa kiasi cha unyevu. Wakati wa kuunganisha, kompyuta ilichukua ile iliyoikuta kwanza, ya mumewe, ikaiacha yake bila kusema neno.

Walikaa meza moja, wakachagua neno moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Wenceslaus wa zamani angecheka mpaka machozi yamtoke. Sasa Recheli hakuwa na wa kumsimulia.

Alibadilisha jina la upande wake, la mumewe akaliacha lilivyo. Akaunganisha upya. Kifaa kikasoma kumi na saba kwa mia.

Bernardo, kiongozi wa wafugaji, alipokuja kukichukua kifaa, alimpa Wenceslaus mkono kwa furaha. Wenceslaus akaupokea bila kumfahamu. Mgeni alipoondoka, akamgeukia Recheli.

"Hongera, dada. Naona kazi iliyokuleta imekwisha. Kwenu utarudi lini? Watakuwa wanakungoja."

Recheli alikunja waya taratibu, hakuinua uso.

"Bado nipo nipo," alisema.